Bomba Nililoligeuzia Bondeni

Kabla sijapata baiskeli nilikuwa na kengele ya baiskeli. Niliinunua Keumbu, kando ya barabara, kwa mtu aliyetandaza gunia lenye vitasa, misumari iliyonyooshwa na vioo vilivyovunjika pembeni. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru, nami nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la tatu. Kusema nimemaliza ni kujipendelea, maana niliondoka katikati, wakati wa kuvuna wimbi, na hakuna aliyenitafuta. Siku hiyo nilikuwa nimeuza mikungu miwili ya ndizi. Mtu mwenye akili angenunua chumvi na mafuta ya taa aende nyumbani. Mimi nikanunua kengele.

Nikaanza kutembea nayo mkononi. Nikiona watu mbele yangu kwenye kijia, naipiga. Watu wanarukia majanini, akina mama wanashika mizigo yao kichwani, wanageuka waone baiskeli, wanaona mimi na miguu yangu miwili. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili mzee mmoja alinirushia bonge la udongo. Siku ya tatu baba yangu aliniita nyuma ya nyumba.

"Hiyo kitu ilete."

Nikampa. Akaisogeza sikioni, akaipiga mara moja tu, akasikiliza mpaka mlio ukaisha.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini mtu wa heshima hukohoa."

Akaiweka darini, juu ya moshi, ikaota kutu huko. Baiskeli yenyewe nilikuja kuipata baada ya miaka mingi, na haikuwa na kengele.

Naeleza hayo kwa sababu baba hakuwa anatania. Huku kwetu Gusii tuna jambo tunaloliita chinsoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye aibu ndani yake, na Kiswahili changu hakina neno moja la kulibeba. Mkwe na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Hawaangaliani usoni. Na kwa sababu vijia vyetu ni vyembamba na vinapindapinda katikati ya migomba, mwanamume aliyeoa, akikaribia kona za upande wa wakwe zake, hukohoa. Mama mkwe akisikia, anatoka njiani, anasimama pembeni amekupa mgongo. Wewe unapita umeangalia kando, unatoa salamu, anajibu, unaenda zako. Hakuna aliyemdharau mwenzake. Ndivyo mnavyopendana.

Nilioa upande wa Nyamira, na mama mkwe niliyempata alijua mambo hayo kuliko mtu yeyote. Nikikohoa mbali kabisa, chini kwa mto, anatoka njiani juu karibu na boma lake. Sikio lake lilikuwa kali hivyo. Anajibu salamu yangu kwa sauti ya chini, anauliza watoto wameamkaje, kisha ananyamaza ili nipite. Katika miaka saba ya kwanza ya ndoa yangu sidhani niliwahi kuuona uso wake sawasawa. Niliujua mgongo wake na kitambaa chake cha buluu cha kichwani na ile sauti. Alikuwa mjane. Mumewe amezikwa hapo kando ya nyumba, na mke wa kwetu haachi kaburi la mumewe akajenge kwingine kwa sababu ya usumbufu. Hilo likumbuke, maana ni muhimu.

Basi miaka ya sabini ikaja na kiwanda cha majani chai kikajengwa kwenye mgongo wa kilima, juu ya boma lake. Jina la kiwanda sitaji. Viko vingi, na kosa ninalolieleza si la kiwanda, ni langu. Nilianza kwa kubeba matofali, nikaja kupasua kuni, na baadaye nikapewa boila, kwa sababu aliyekuwa hapo kabla yangu alikuwa amezibika masikio. Tulimcheka sana yule mzee. Ukimwambia leo kuna nyama anakujibu mvua haijanyesha. Nami nilicheka pamoja na wengine, halafu nikashika sepetu yake.

Asiyejua boila afikirie sufuria kubwa ya chuma iliyofungwa pande zote, moto chini, maji ndani. Mvuke wake unapita kwenye mabomba kwenda kupasha hewa inayokausha majani. Sasa, mashine za kukausha zikisimama ghafla, na zilisimama mara nyingi, ule mvuke hauna pa kwenda. Mshale wa presha unapanda. Hapo unafungua vali na kuuachia mvuke utoke nje kwa bomba lake. Kuna vali nyingine ya usalama inayojifungua yenyewe presha ikizidi, lakini kazi ya mtu wa boila ni kutosubiri mpaka ifike huko. Basi nilikuwa naachia mvuke asubuhi, naachia mchana, naachia jioni. Na ule mlio, sijui niufananishe na nini. Ni kama bati linalochanwa, bati lisilo na mwisho. Sisi wa ndani tulijaza pamba ya kufutia mashine masikioni na kusemezana kwa mikono. Kidole juu ni presha. Ngumi ni kuni. Mkono tumboni ni uji.

Mwanzoni bomba hilo lilielekea mlimani, kwenye nyumba ya meneja. Meneja alikuwa mtu wa kutoka mbali, mpole, mwenye mtoto mchanga. Mtoto halali, mke analia, meneja anakuja kazini macho mekundu. Siku moja akatuita nje, mimi na fundi wa mabomba.

"Hii lazima igeuzwe," akasema. "Tuielekeze wapi?"

Fundi akaniangalia mimi, maana mimi ndiye mwenyeji. Sasa nitasema kama ilivyokuwa. Njia nzuri ilikuwa upande wa mikaratusi, ambako hakuna mtu. Lakini huko tungehitaji mabomba marefu zaidi na kuchimba mashimo ya nguzo kwenye mwamba, na mashimo hayo angechimba nani? Mimi. Upande wa bondeni ilikuwa ni kufunga kona moja tu, kazi ya nusu saa.

"Kule chini kuna watu?" meneja akauliza.

Kulikuwa na moshi wa jikoni kwa mama mkwe wangu. Tulikuwa tunauona hapo tuliposimama. Nikaona haya kumtaja mama mkwe mbele ya meneja na fundi, kama vile nimemvua nguo. Hiyo ni sababu moja. Ile nyingine ni mashimo.

"Ni mashamba tu," nikasema.

Spana niliishika mwenyewe.

Haukupita mwezi, mke wangu akarudi kutoka kwao na ujumbe. Mambo yote ya mama mkwe yalinifikia kwa mdomo wa mke wangu, isingewezekana njia nyingine. Aliniambia huku akichambua mboga, bila kuinua kichwa.

"Mama anauliza kama ile kitu yako inaweza kupunguzwa kidogo."

"Si kitu yangu. Ni ya kiwanda."

"Anasema kuku wameacha kutaga. Na ng'ombe anapiga teke chombo cha maziwa. Hajasema ni vibaya. Ameuliza tu kama inaweza kupunguzwa, hata kama ni polepole."

"Mwambie nitaangalia."

Na kweli nilikuwa na pa kuangalia. Fundi yule wa mabomba aliwahi kufanya kazi kwenye viwanda vya sukari huko nyanda za chini, na alikuwa amenieleza kitu. Mvuke ukitoka wote pamoja kwa mdomo mmoja, alisema, unapiga kelele kama watu wanaogombania mlango. Ukiupitisha kwa matundu mengi madogo, kisha ukaupitisha katikati ya mawe, unachoka, unatoka ukinong'ona. Unachukua pipa kuukuu la mafuta. Unatia ndani bomba lililotobolewa matundu kila upande, mengi, ili mvuke usikwame. Unajaza kokoto za mtoni. Juu unaacha wazi, unaweka wavu wa chuma. Chini unatoboa pa kutokea maji. "Lakini ile vali ya usalama usiiguse," akasema. "Ile ikitaka kulia, iache ilie. Ukiiziba tutakuokota vipande vipande mpaka Keumbu." Mapipa yalikuwa nyuma ya stoo. Kokoto zilikuwa mtoni. Nikawa nasema wiki ijayo. Msimu wa majani mengi ukaingia, nikasema baada ya msimu.

Sasa nifike kwenye kile kijia.

Ilikuwa jioni, natoka kazini, napita chini ya boma lake kama kawaida. Nikakohoa. Nikasubiri kidogo, nikakohoa tena. Nikakohoa mara ya tatu, kikohozi cha mtu mzima, nikazunguka kona. Mama mkwe alikuwa katikati ya njia na mzigo wa kuni kichwani, ananijia uso kwa uso, karibu kiasi cha kugusana. Alishtuka, kuni zikamwagika. Akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nikarudi nyuma mbio kama mtu aliyekanyaga siafu.

Nyumbani sikula.

"Mama yako ananidharau," nikamwambia mke wangu.

"Mama? Hawezi. Labda hakusikia."

"Nimekohoa mara tatu."

"Umekohoa vipi?"

"Kwani kuna namna ngapi za kukohoa?"

Akacheka, nami nikakasirika zaidi. Nilikuwa nimeshapata maelezo yangu. Aliomba mvuke upunguzwe, sikupunguza, sasa ananionyesha kwamba mkwe asiyesikia ombi hapewi njia. Niliona ni hivyo na sikuona kingine.

Wiki chache baadaye ikawa mbaya zaidi. Nilipita karibu na kituo cha kuuzia majani, akina mama wamepanga foleni na vikapu vyao. Alikuwepo, amenipa mgongo. Nikageuza uso, nikatoa salamu kwa heshima yote. Kimya. Nikatoa tena. Wanawake wakaacha kuzungumza. Mwenzangu wa boila, tuliyekuwa tukitembea naye, akanigusa mbavuni.

"Leo umenyimwa hata salamu," akasema. "Rudisha binti yao, pengine watakujibu."

Wakacheka watu wote wa foleni. Yeye peke yake hakugeuka kuona kinachochekwa. Hata hilo sikulishangaa. Nililihesabu kuwa kiburi.

Kuanzia siku hiyo pipa likafutika kichwani mwangu. Nitakuwa mkweli zaidi ya hapo. Siku nyingine mshale wa presha ulikuwa umetulia, ningeweza kufungua vali kidogo kidogo, nami niliifungua yote. Nilikuwa nasimama na pamba masikioni, naangalia lile wingu jeupe likishuka kwenye migomba yake, na moyoni nasema, haya, sasa utanijibu.

Kisha zikaanza kuja zawadi. Kwanza unga wa wimbi, kikapu kizima. Mke wangu akauweka mezani.

"Ametuma mama. Anasema asante."

"Asante ya nini?"

"Sijui. Amesema mwambie asante, atajua mwenyewe."

Nilijua, ndiyo. Nilijua ananikejeli. Nikaupeleka ule unga kazini, wenzangu wakapika uji, wakausifu, mimi sikuonja. Baadaye akatuma jogoo. Nikasema arudishwe. Mke wangu akakaa chini mbele yangu.

"Wewe una nini na mama yangu?"

"Muulize yeye."

"Nikimuuliza anajibu mambo mengine. Siku hizi anajibu mambo mengine tu. Nafikiri ni uzee."

Aliniambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Mimi, mtu niliyechukua sepetu ya mzee aliyekuwa akijibu mvua ukimwuliza nyama. Sikufumbua macho. Jogoo akarudishwa.

Hali ikawa hivyo zaidi ya mwaka. Mwisho wake haukuletwa na mimi, ulikuja na wazee wa kanisa. Walikuwa wamejenga kanisa la mabati ng'ambo ya bonde, na siku ya Sabato mhubiri akifika penye utamu, kiwanda kinamjibu. Wakaja wazee watatu wenye makoti kwa meneja. Meneja akaja kwangu.

"Kuna njia ya kuipunguza?"

"Iko," nikasema.

"Itachukua muda gani?"

Siku mbili. Ndizo zilizohitajika, nami nazirudia hata leo nikiwa peke yangu shambani. Siku ya kwanza tulisafisha pipa kwa maji moto na majivu, fundi akatoboa bomba. Siku ya pili tulipanda na kokoto kutoka mtoni kwa toroli. Mwenzangu alitaka tutumie vipande vya mawe laini ya Tabaka, yale ya kuchongea, kwa sababu ni mepesi kukata. Fundi akamwambia yatageuka unga tufukuzwe kazi sote weupe kama vizuka. Tukafunga pipa mwisho wa bomba, tukaligandamiza kwa vyuma, nikaingia ndani nikafungua vali.

Mvuke ukatoka. Tuliuona ukitoka, mweupe, mnene kama siku zote, lakini mlio ulikuwa ule wa chungu cha maharagwe kinachochemka jikoni kwa jirani. Wanawake waliokuwa wakichuma majani walisimama wima mashambani, mikono imejaa, wanatazama juu. Meneja alitoka ofisini. Mwenzangu alitoa pamba masikioni, akairudisha, akaitoa tena. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Kuna furaha ya kazi ya mkono inayokuja hata kama umechelewa.

Mke wangu alikuwa ameleta chakula changu langoni, akausikia huo ukimya.

"Naenda kumwambia mama," akasema. Akaacha bakuli kwa askari wa lango, akashuka bondeni karibu anakimbia.

Alikaa kidogo tu. Aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye gogo nje ya nyumba ya boila, nakula. Alisimama mbele yangu, hakukaa.

"Nimemkuta analima," akasema. "Nimemwita kutoka nyuma. Nimemwita mara tatu. Nimefika mpaka nimemshika bega, akaruka."

Nikaacha kutafuna.

"Nimemwambia, mama, imenyamaza. Ananitazama mdomo. Nikamwambia tena kwa sauti kubwa, nikamwonyesha huku juu. Akatazama ule moshi wenu. Unajua amesema nini?"

"Sijui."

"Amesema, imenyamaza kitambo. Amesema ulianza kuipunguza baada ya yeye kuomba, kila mwezi kidogo, kila mwezi kidogo, mpaka ikaisha kabisa. Anasema ndiyo sababu alituma unga. Anauliza kwa nini ulirudisha jogoo, au alikuwa mdogo."

Niliweka bakuli chini. Yeye hakuniambia neno baya, wala siku hiyo wala baadaye. Alichukua bakuli langu likiwa bado na chakula, akalifunika kwa kitambaa chake, akaenda. Nilitamani angenitukana.

Nikaingia ndani. Mshale ulikuwa umetulia pahali pake. Nikamwonyesha mwenzangu boila, nikamwonyesha geji ya presha, kwa mikono, kama tulivyozoea, ingawa sasa tungeweza kusemezana kwa mdomo. Akainua kidole gumba kwamba ameshika. Nikatundika pamba yangu ya kufutia kwenye msumari, nikaegemeza sepetu ukutani. Koti langu lilikuwa hapo hapo, sikulichukua. Askari wa lango aliniuliza nakwenda wapi kabla ya saa. Nikamwambia nakwenda chini.

Nilifika kwenye kile kijia. Alikuwa amemaliza kulima, anashuka polepole mbele yangu na jembe begani, mgongo wake kwangu na kile kitambaa cha buluu, kimefifia. Kwa mazoea nikakohoa. Ndege wakaruka kutoka kwenye mgomba. Yeye akaendelea kutembea.

Kumwambia nisingeweza. Mkwe hamwendei mama mkwe akamsemea usoni, na kutoka nyuma hakukuwa na maneno ambayo yangemfikia. Nikatoka njiani mimi. Nikaingia katikati ya majani chai, yakanikwaruza magoti, nikazunguka mbali nje ya boma lake mpaka mtoni, nikavuka, nikashika barabara ya kwetu. Kiwandani sikurudi tena. Walinitumia mtu mara mbili, kisha wakaacha. Lile koti sijui nani alilivaa.